Zile pingili nilizompelekea mama

Mama alikata muhogo wa kwanza, akautazama, akautupa pembeni. Wa pili vilevile. Wa tatu hakuukata hata, aliushika tu akaubinya kwa kidole gumba, akasema basi leo tutapika ubwabwa, akanyanyuka zake kwenda kuosha panga.

Mi nikabaki pale nimechuchumaa. Nikauokota ule wa kwanza. Kwa nje hauna neno, mnene, ganda limetulia, ungeukuta sokoni pale Muheza ungelipa bila kupatana. Ndani sasa. Madoa ya kahawia, makavu, yametambaa kwenye ule weupe kama chai iliyomwagikia shuka ikaanikwa hivyohivyo, na ukiyabonyeza ni magumu kama kizibo. Hayanuki. Si kule kuoza kwa majimaji tulikokuzoea, huku ni kuoza kukavu, muhogo uko palepale na umbo lake lote ila haulishi mtu.

"Imeanza lini hii, mama?"

"Mvua hizo, mwanangu. Mwaka huu zimekuja ovyo."

Si mvua, na yeye anajua si mvua. Mihogo ya upande wa mwembeni, ile mbegu yake ya siku zote, imenyeshewa mvua hiyohiyo na ilikuwa myeupe pee. Iliyoharibika ni matuta sita ya upande wa barabarani.

Matuta yangu.

Yaani nilizileta mimi zile pingili, nikazipanda mimi, nikapiga na picha nikaweka status. Na mama alishaona kitambo, wifi yangu kaja kuniambia baadaye kwamba tangu mwezi wa nne alikuwa anachimba mmoja mmoja anaangalia, anafukia. Hakuniambia kwa simu hata siku moja. Nikipiga nauliza mihogo vipi, ananijibu ipo.

Hiyo "ipo" imenikaa kichwani wiki ya sita sasa, ndo maana naandika.

## Majani yalikuwa mazuri

Ngoja nieleze nilivyofanya. Misimu miwili nyuma nilikuwa msibani Mkuranga, nikaona shamba la jirani wa wale wafiwa, mihogo imenizidi urefu, majani mapana ya kijani kibichi. Nikauliza, nikaambiwa chukua tu. Hakuna mtu anayemnyima mwenzake mbegu ya muhogo, ukiomba unakatiwa na shina la nyongeza unapewa. Nikajaza kiroba, nikapanda nacho basi mpaka Muheza, konda akanitoza hela ya mzigo nikalipa bila kubishana, nikafika kwa mama kama mjomba katoka Uarabuni.

Na si kwamba mihogo siijui. Batobato, ugonjwa wa virusi, naijua vizuri, majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya njano, mmea unadumaa, hata mtoto wa darasa la tatu anaiona. Kwa hiyo pale Mkuranga nilikagua majani. Safi.

Nisichokijua ni kwamba huu mwingine, michirizi kahawia, haukai juu. Majani machanga unayaacha yanapendeza. Dalili zake ziko kwenye yale ya chini, makuukuu, unjano unaofuata vishipa vya jani, na majani ya chini nani anayaangalia, si yanadondoka yenyewe? Kwenye shina bichi kunakuwa na vistari vyembamba vya kahawia, ambavyo ukiwa na haraka ya basi huvioni. Kazi yote inafanyika chini ya udongo na unakuja kuijua siku ya kuchimba, baada ya miezi tisa, kumi, mwaka, umeshalima, umeshapalilia, umeshapigia hesabu ada ya mtu.

Shamba kwa shamba unaenezwa na inzi weupe, wale wadogo wanaopeperuka kama unga ukitikisa jani. Lakini inzi mweupe hasafiri na kirusi hiki mbali. Mkuranga mpaka Muheza hafiki. Safari kama hiyo inamtaka mtu.

Mtu mwenye kiroba.

## Herufi elfu tisa

Niliporudi Dar nikaanza kusoma usiku, bando likiisha nalala, likijaa naendelea. Sikuwa natafuta elimu, tuseme ukweli, nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu asiwe mimi. Nikaangukia kwenye habari za kusoma jenomu, yaani kuyasoma yale maandiko yote ya DNA ya kiumbe herufi kwa herufi, na sikutoka tena.

Kirusi cha michirizi kahawia ni uzi mmoja wa RNA, nduguye DNA, wenye herufi kama 9,000 tu. Muhogo wenyewe una zaidi ya milioni 700, zimegawanywa kwenye jozi 18 za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA. Ni kama mtu mwenye maktaba nzima ndani ya nyumba anaangushwa na kikaratasi kimoja kilichopitishwa chini ya mlango. Nilikaa na hiyo picha siku mbili.

Halafu nikajua kwamba ugonjwa tunaouita mmoja, walipozisoma zile herufi wakakuta virusi viwili. Ndugu, lakini si mmoja. Kimoja wanakiita CBSV, kingine UCBSV, na hiyo U ya mbele ni ya Uganda. Simama shambani uangalie majani mpaka jua lizame, huwezi kusema huu una kipi. Na mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Titus Alicai wa Uganda wakaonyesha kwamba CBSV kinabadilika upesi kuliko mwenzake. Kwa hiyo mkulima akiambiwa mbegu hii inastahimili michirizi, ana haki ya kuuliza inastahimili kipi, na cha mwaka gani.

Virusi vya batobato navyo vina vituko vyao. Kwenye miaka ya 1990 Uganda walipigwa na batobato kali, si ile ya kawaida, vijiji vikaacha kabisa kulima muhogo. Mwaka 1997 waliosoma jenomu ya kirusi chenyewe wakakuta ni chotara. Virusi viwili tofauti vilikutana ndani ya mmea mmoja, kimoja kikachukua kipande cha jeni ya mwenzake kikakiunganisha katikati ya ya kwake, kama fundi anayeweka kiraka, na huyo aliyetoka hapo akawa mkali. Kwa macho hilo usingelijua milele, ungesema mwaka mbaya.

Ungesema mvua.

## Tasbihi gizani

Mashine inayosoma haya mambo kichwani kwangu ilikuwa kitu cha ukubwa wa friji, kimefungiwa chumba chenye kiyoyozi Ulaya huko. Zipo za hivyo. Ila ipo nyingine inaitwa MinION, haifiki gramu 100, unaichomeka kwenye laptopu kama flashi. Watafiti akina Joseph Ndunguru, wakati huo wa kituo cha utafiti wa kilimo Mikocheni, Alicai huyohuyo, na Laura Boykin waliibeba wakaenda nayo kwa wakulima wa Tanzania, Uganda na Kenya. Mwaka 2018 wakachapisha: majibu ya virusi vya batobato vilivyomo kwenye mihogo ya watu yalipatikana ndani ya saa 48, wakati njia ya kawaida, kutuma sampuli maabara za mbali na kusubiri, inakula miezi mpaka sita.

Mikocheni! Mi napita pale na daladala karibu kila siku.

Inavyosoma nitaeleza nilivyoelewa, mwenye biolojia yake anivumilie. Kuna kiwambo chenye matundu madogo sana, na umeme kidogo unapita kwenye kila tundu. Uzi wa DNA, au wa RNA, unavutwa kupita humo. Kila kikundi cha herufi kinapopita kinaziba njia ya umeme kwa namna yake, umeme unapanda na kushuka, na programu inageuza kule kupanda na kushuka kuwa herufi. Chukulia mtu anavuta tasbihi gizani, na punje zake ni za aina nne: haoni kitu, lakini vidole vinamwambia hii ni ipi, na ile inayofuata ni ipi, mpaka amalize.

Zinakosea lakini, tusidanganyane, hata vidole hukosea. Dawa yake ni kusoma uzi uleule au wenzake mara nyingi, makosa yanachujana.

Nilivyosoma hiyo habari kwanza nilifurahi, halafu nikakasirika kidogo, na hasira yenyewe sikuielewa mara moja. Nimekuja kuielewa nikiwa kwenye foleni Mwenge. Kwanza hakuna mtu aliyekuja na hicho kidude kwa mama. Pili, hata angekuja. Angemwambia nini? Mihogo yako ya upande wa barabarani ina kirusi, jina lake hili, herufi zake hizi. Dawa hakuna. Ng'oa, choma mashina, tafuta mbegu safi. Mama alishajua kwamba upande wa barabarani ni mbaya, alijua kwa panga. Anachopata zaidi hapo ni nini?

Swali hilo lilinisumbua kama wiki nzima, na jibu nililolipata si kubwa. Faida ya kupima ni kabla ya kupanda. Ningeipata mashine ile pale Mkuranga, kiroba kikiwa bado kitupu, ingeniambia kitu ambacho panga halikuwa na uwezo wa kuniambia. Baada ya kupanda, panga na mashine zinakuja na habari ileile, ila mashine inajua jina.

## Mlima unaouona ukiwa uani

Kufikia hapo nilidhani nimemaliza. Kisha nikakutana na Amani.

Wa Tanga wanaijua. Ukiwa uani kwa mama asubuhi kabla ukungu haujashuka unauona mlima wa Usambara Mashariki, na Amani ni huko juu. Sisi tulipelekwa na shule, ninachokumbuka ni baridi na kutapika kwenye kona. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti pale mwaka 1902, Waingereza wakakirithi, na kumbe magonjwa yote mawili ya muhogo yameandikwa kutokea milima hiihii: batobato iliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani Usambara mwaka 1894, na michirizi kahawia ilielezwa mwaka 1936 na mtaalamu wa Amani, H. H. Storey.

Miaka sitini na kitu nyumbani kwetu pwani tukiishi na hiyo michirizi, haipandi nyanda za juu, mpaka 2004 ilipoibuka Uganda.

Ila Storey hakuishia kuuelezea. Yeye na mwenzake Nichols, baadaye Jennings, kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1950 na kitu, walikuwa wanatafuta muhogo usioumwa. Walikosa wa kutosha kwenye mihogo yenyewe, wakaenda kuuozesha na mti mwingine wa ukoo wake. Mti wenyewe ni mpira.

Si huu wa matairi ya leo wa Malaysia, nasema mpira wetu, ule ambao Wajerumani walijaza mashamba yake kote Muheza na Tanga, bei ikaporomoka kabla hata ya vita yao, mashamba yakafa, miti ikabaki kwenye mipaka ya viwanja. Kwa mama upo mmoja nyuma ya choo. Wanasayansi wanauita *Manihot glaziovii*, asili yake Brazil kama muhogo wenyewe.

Walichukua chavua ya huku wakaweka huku, chotara akatoka mti mkubwa wenye vimizizi vya kusikitisha, wakamrudishia kwa muhogo, mtoto wake wakamrudishia tena, na tena, kila mara wakichagua asiyeumwa na mwenye mizizi ya kuliwa. Machotara hao waliwapa namba tu, hakuna majina. Mbegu za mmoja wao, 5318/34, zikapelekwa Nigeria, huko kukatoka mti ulioitwa 58308, na huo ukaja kuwa bibi wa mihogo mingi ya TMS iliyozalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo kule Ibadan. Mmoja wa uzao wake, TMS 30572, ndo huo Waganda waliuita NASE 3 na kuupanda kwa nguvu batobato kali ilipowamaliza.

Hizo zilikuwa hadithi za kwenye makaratasi. Mwaka 2016 ikatoka kazi kubwa ya jenomu, wamesoma aina 58 za muhogo na jamaa zake, na kupima aina 268 za Afrika. Vipande vya mpira wakavikuta humo ndani ya mihogo, vimekaa kwenye kromosomu kama viraka vya kitambaa kingine. Alama ya ile kazi ya Amani, imeandikwa, miaka themanini baadaye, na wenye mikono iliyoweka chavua wengi wameshakufa. Mwaka 2019 wengine wakaonyesha vipande vikubwa viko kwenye kromosomu ya 1 na ya 4, na kwamba wakulima na wazalishaji wamekuwa wakivichagua bila kujua, kwa sababu mihogo yenye kipande hicho kwenye nakala moja ya ile jozi ya kromosomu inafanya vizuri. Kwenye nakala zote mbili ni nadra.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikaenda kunywa maji.

Kwa sababu kwetu hatuli muhogo peke yake. Tunakula na ule mpira. Kisamvu cha mpira, wa bara watanisamehe, kitwange, kiive sana, kitie nazi, ni kitamu kuliko cha muhogo. Toka utoto natumwa nikachume nyuma ya choo, sufuria moja linapikwa la huku na la huku, na mama siku zote anasema ni ndugu hao. Nilidhani ni maneno tu ya jikoni.

## Ya asili

Hapa ndo pana kitu kilichonigeuza, na sijui kama nitakieleza vizuri.

Mimi nilipeleka mbegu ya Mkuranga kwa sababu niliidharau ya mama. Ile ya mwembeni. Ni mifupi, haina sura, mama anaiita ya asili, na mi kichwani neno asili likawa linamaanisha ya kizamani, ya watu wasiokuwa na njia. Sasa baada ya mambo haya nikageuka, nikaanza kuitukuza. Nikawa nawaambia watu kazini, jamani mbegu za asili ndo zenyewe, bibi zetu walijua, virusi haviziwezi. Wiki moja nzima nilikuwa mtu huyo.

Halafu Namikonga ikaniharibia.

Namikonga ni muhogo wa kusini, Mtwara huko, unasifika kwa kustahimili michirizi kahawia, wazalishaji wanaupenda kweli. Kwa wenyewe ni wa asili, una jina la nyumbani, umekuwepo. Pwani ya Kenya kuna mwingine, Kaleso, nao wa nyumbani kabisa, nao unasifika kwa hilohilo. Walipopima DNA, ni mmea mmoja. Mmoja kwa maana ya mmoja, si ndugu, maana muhogo hauzaliwi upya ukikatwa pingili, unaendelea tu kuishi kwenye mashina mengine. Na mmea wenyewe ni wa Amani, namba 46106/27, kizazi cha tatu cha kurudishwa kutoka kwa mpira.

Soma tena.

Kituo kilifungasha, faili zikakaa kabatini, na mmea ukatoroka. Mimi sikukuta mradi uliougawa mpaka Mtwara ukauita Namikonga na mpaka Kenya ukauita Kaleso. Nadhani watu waliombana. Mtu kaenda msibani, kaona majani mazuri, kauliza, kaambiwa chukua tu. Kajaza kiroba. Mara mia, mara elfu, mkono kwa mkono, ukisahau namba na kuokota jina njiani, mpaka ukawa wa asili.

Na asili yenyewe ukienda nayo nyuma haina pa kusimama. Muhogo umefugwa na wenyeji wa Amazoni, DNA inaonyesha ni kusini kule mwa msitu, Wareno wakauleta Afrika kuanzia karne ya 16. Na kuukata tu bila kuuzaa upya hakumaanishi unabaki vilevile, maana mwaka 2017 waliochambua aina 241 za muhogo walikuta umejaa herufi mbaya zilizojikusanya kizazi kwa kizazi, kasoro ikiwa kwenye nakala moja, ya pili inaifichia siri, na kwa vile hatuupandi kwa mbegu zake za tunda hakuna siku ya kuzichuja.

Kwa hiyo njia ninayodhani iliipeleka Namikonga Mtwara ndo njia niliyotumia mimi kuua matuta sita. Ileile. Kiroba kilekile, konda yuleyule karibu. Nilikuwa nasubiri kusoma mahali kwamba wale walikuwa wajanja na mimi mjinga, na sikukuta. Wao walibahatika kwa walichobeba.

## Nikarudi kuuliza

Wiki iliyopita nilikwenda tena. Nilikuwa nimejiandaa, nimebeba na picha kwenye simu, nikitaka kumpa mama habari ya Amani na mpira, na moyoni nikitaka, nakiri, aniambie mbegu ya mwembeni ilitoka Amani. Ingekaa vizuri kweli. Babu akifanya kibarua huko juu, kashuka na pingili chini ya koti.

Alikuwa anatwanga. Nikamweleza yote, akawa anaitika mm, mm, kinu hakisimami.

"Sasa mbegu yako hii ya mwembeni, bibi aliipata wapi?"

"Alikuja nayo toka kwao Pangani alipoolewa."

"Na huko Pangani waliitoa wapi?"

"Nitajuaje? We nawe. Mbegu si watu wanaombana."

Nikamwambia wanaweza kupima wakajua. Akaacha kutwanga. Akauliza wakishajua ndo watakuja kunikatia mti mwingine mzuri, nikasema hapana mama, ni kujua tu, na labda baadaye wazalishe nzuri zaidi, inachukua miaka. Akasema haya. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea, akasema hao waliosoma, huo mpira wangu wa nyuma ya choo nao wameusoma? Nikamwambia wameusoma, wa aina yake. Wakaona ni ndugu? Wakaona. Akacheka mpaka akashika kinu.

Ile mihogo yangu alishaing'oa yote. Mashina ameyachoma, sikuambiwa na mtu kwamba alielekezwa, bwana shamba hajafika kwake. Amebakisha lile eneo tupu, anasema atapanda kunde kwanza. Nikamwambia mama nisamehe, ikatoka vibaya tu nikiwa nimeshika ndoo. Akasema we ulileta zawadi bwana, nani anakagua zawadi.

Hiyo nayo imenikaa.

## Stendi

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi, jambo ambalo siku hizi halifanyi kwa ajili ya magoti. Machungwa nusu gunia, kama kawaida, nazi nne, kisamvu kimetwangwa kimefungwa kwenye mfuko wa rambo. Na fungu la pingili za mwembeni, kama ishirini hivi, zimekatwa sawasawa, zimefungwa kwa kamba ya katani. Za kupeleka kwa shemeji yangu Kibaha, kapata kiwanja, kaomba mbegu.

Zilikuwa nzuri. Nikaziinua nikaanza kuzizungusha kwenye mwanga, natafuta vile vistari vya kahawia kwenye ganda, najua kabisa kwamba matuta sita yalikuwa hatua chache kutoka mwembeni na inzi weupe hawajui mpaka wa tuta. Sikuona kitu. Na najua sasa kutokuona kitu kuna maana gani.

Konda anapiga mlango, mama ananitazama.

"Unaziangalia nini?"

Sikujibu.

Akanyoosha mkono akazichukua taratibu, akazikumbatia kwapani kama mtu anayerudisha mtoto ndani. "Mwambie asubiri," akasema. "Mwambie nitazichimbia kwanza msimu huu nizitazame chini."

Nikapanda basi na machungwa.